Kidonge Ambacho Hakuna Aliyekimeza

Kaka wa mwalimu mmoja wa darasa la kwanza aliingia kituo cha polisi asubuhi akiwa amevaa koti lake la harusi, maana alitaka achukuliwe kwa uzito. Alishika kaunta kwa mikono miwili na kusema kwa sauti iliyowafikia hata mahabusu:

"Mama mkwe wa dada yangu anamlisha sumu!"

Inspekta aliyekuwa zamu aliinua kichwa. Kituo kizima kilimwita Bi Tena, na siku hizi hata yeye aliitikia jina hilo. Lilitokana na mtindo wake wa kumuuliza mtu swali, kusikiliza jibu mpaka mwisho, kisha kulitaka upya kana kwamba hajasikia neno. Wapo wezi wa pikipiki waliokiri mbele yake kwa uchovu tu.

"Tena," alisema, huku akivuta kiti.

"Mama mkwe anamlisha… basi, siyo sumu hasa. Dawa."

"Tena."

Kaka mtu alijipangusa paji la uso. "Daktari amekuta dawa kwenye mwili wa dada yangu, na dada yangu hajanywa dawa yoyote. Ni mjamzito, afande. Anayempikia ni mama mkwe. Sasa mimi nifikirie nini?"

Bi Tena alichukua kofia yake. Sumu ilikwishapungua ikawa dawa, lakini kilichobaki bado kilikuwa na uzito wa kumtoa kitini.

Daktari wa kliniki ya wajawazito alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, aliyetundika miwani shingoni na kuitafuta mezani. Alipoipata, hakuzunguka.

"Mimba ni ya miezi saba na ushee. Mama ni mzima, presha nzuri, damu ya kutosha. Lakini maji anamoogelea mtoto yamepungua, na nikimpima upya nakuta yamepungua zaidi. Chupa ya uzazi haijapasuka. Nikaona nipeleke mkojo wake maabara kubwa. Wamekuta diklofenaki."

"Ile ya maumivu?"

"Ile ile. Nusu ya watu wa mji huu wanayo kwenye mikoba. Ndiyo shida yake, watu wameizoea kama chumvi."

"Ina ubaya gani kwake?"

"Kwake yeye, si sana. Ni kwa mtoto." Daktari alivua miwani. "Dawa za maumivu si ukoo mmoja, afande. Parasetamoli tunairuhusu, kiasi kidogo, kwa muda mfupi, mama anapoihitaji kweli. Lakini hawa kina diklofenaki na ibuprofeni, mimba ikishavuka miezi mitano, wanaweza kuzizubaisha figo za mtoto. Mwishoni mwishoni wanaweza hata kuubana mshipa mkubwa ulio karibu na moyo wake. Aspirini nayo ni ndugu yao, ukiacha ile dozi ndogo tunayoandika sisi wenyewe kwa sababu zetu."

"Na dawa ikikatwa?"

"Ikikatwa mapema, mara nyingi maji hurudi. Kwa hiyo mimi sina haja na mtu wa kufungwa. Nataka kujua inatoka wapi, na nataka kujua upesi."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa chumba cha pili, ameegemea mito mitatu na kusahihisha madaftari ya watoto. Alifundisha darasa la kwanza na hakuona kwa nini maji kupungua kuwazuie watoto kujua kujumlisha.

"Umemeza dawa gani?" aliuliza Bi Tena.

"Hakuna."

"Tena."

"Afande, mimi nashinda na watoto wa miaka sita. Ukiniambia 'tena' nitakujibu mpaka kesho na sauti haitakauka." Mwalimu alifunga daftari. "Sijameza kitu. Hata pipi ya koo sijamung'unya. Hata ile parasetamoli aliyoniruhusu daktari niliiacha."

Daktari, aliyekuwa mlangoni, aligeuka mzima mzima. "Uliiacha? Kwa nini?"

"Nilisoma kwenye simu. Mmoja anasema haina neno, mwingine anasema inadhuru, wa tatu kaweka picha ya fuvu la kichwa. Nikaona bora mgongo uniume."

"Badala ya kuniuliza mimi, ukaliuliza fuvu?"

Mwalimu alicheka, akashika tumbo. Bi Tena alisubiri kicheko kiishe.

"Na huo mgongo bado unauma?"

"Ulikuwa unanitoa machozi, nafundisha nimeegemea ubao. Lakini sasa afadhali. Nashukuru Mungu."

Jibu hilo lilimshtua Bi Tena. Alizoea kukuta watu wenye maumivu wasio na dawa. Huyu alikuwa na dawa asiyoijua, na maumivu yake yalikuwa yamepungua. Kwa hiyo dawa ilikuwa inafanya kazi yake. Yeyote aliyekuwa akiitoa, huenda hakuwa na nia ya kuua mtu.

Hata hivyo alikwenda jikoni kwa mama mkwe, kwa sababu taratibu ni taratibu.

Mama mkwe alifungua mlango kabla Bi Tena hajabisha. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso mkunjufu, na habari zilikwishamfikia.

"Karibu, afande. Viatu usivue. Nitapiga deki ukishanikamata."

"Sijaja kukukamata, mama. Nimekuja kuangalia jiko."

"Angalia. Ila usifungue kabati la juu kwa pupa, masufuria yatakudondokea. Hilo nalo watasema nimekusudia."

Bi Tena alifungua kila kopo. Alinusa chumvi, sukari, unga wa uji na tangawizi iliyosagwa. Kila aliponusa, mama mkwe alichota kijiko cha kile kitu na kukila mbele yake, mpaka akafika kwenye magadi na kukohoa.

"Inatosha, mama."

"Haitoshi. Nataka uandike kwamba nimekula vyote na bado nasimama."

Dirishani kilionekana kipande cha koti la harusi. Kaka mtu alikuwa amechuchumaa nyuma ya pipa la maji akidhani hakuna amwonaye.

"Mwambie aingie anywe chai," alisema mama mkwe. "Atavunjika kiuno pale."

Kisha Bi Tena alivuta droo ya vijiko, na kicheko kikakatika. Chini ya vijiko palikuwa na karatasi ya vidonge, nusu imetumika. Aliigeuza kuelekea mwanga. Diklofenaki.

"Hii ya nani?"

"Yangu. Ya goti."

"Umewahi kumpa mkwe wako?"

"Nimpe ya nini? Yeye anaumwa mgongo, mimi goti."

"Tena, mama."

"Sijampa." Mama mkwe aliketi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Afande, huyu ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Kila uji ninaompikia mama yake nauonja kabla haujatoka humu ndani, usije ukamuunguza ulimi. Mtu anayehofia ulimi wa mkwe wake atamtilia dawa?"

Bi Tena alikuwa ameambiwa uongo mwingi kwenye majiko mengi, na maneno haya hayakuwa na harufu yake. Lakini dawa ilikuwa mkononi mwake, yenye jina lile lile. Aliifunga kwenye mfuko wa ushahidi. Nje, kaka mtu aliruka juu kama timu yake imefunga bao.

Kabla ya kurudi kliniki alipitia uwanja wa mpira, alikofanya kazi mume wa mwalimu. Alikuwa mchua misuli wa timu ya mji, jitu lenye mabega kama mlango. Mchezaji akianguka, yeye ndiye aliyekimbia uwanjani na begi, na mashabiki walimshangilia kuliko washambuliaji. Walimwita Viganja. Bi Tena alipompa mkono alielewa kwa nini. Wake ulizama wote.

"Umempa mkeo kidonge chochote?"

"Hata kimoja, afande."

"Tena."

"Hata nusu. Mke wangu ameapa hatameza dawa mpaka ajifungue, na mimi namheshimu. Mkinikuta nimempa kidonge, nifungeni hapo hapo kwenye nguzo ya goli."

Alisema hivyo machozi yakimlengalenga, na Bi Tena alimwamini. Hapo ndipo alipojikwaa, ingawa hakujua bado.

Daktari na Bi Tena walikubaliana. Mwalimu alilazwa wodini, akawa anakula chakula cha hospitali tu. Chupa ya chai ya mama mkwe ilizuiwa getini. Kikapu cha matunda kilizuiwa. Hata maji alikunywa yaliyofunguliwa mbele ya muuguzi. Mama mkwe alifika mchana, akaelezwa, akageuka na kikapu chake bila kugombana na mtu. Wauguzi waliomzoea kwa utani walisema ni bora angegombana.

Siku chache baadaye maabara ilileta majibu mapya. Daktari aliyasoma, akatafuta miwani iliyokuwa usoni, akayasoma upya.

"Bado ipo," alisema. "Tena imezidi kidogo."

Kaka mtu, aliyekuja kusikia hukumu, aliruka kutoka kitini. "Lakini mama mkwe hajaingia!"

"Hajaingia."

"Basi amemtuma mtu!"

"Kaa chini," alisema Bi Tena, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alitabasamu. Alipenda mlango unapofungwa kabisa, maana hapo mtu hulazimika kuacha kuusukuma na kutafuta mwingine. "Chakula kimekatwa, dawa imezidi. Kwa hiyo haikuwa kwenye chakula hata siku moja. Hakumeza. Mama wa watu tumemsumbua bure."

"Sasa dawa imeingilia wapi?"

"Ndilo swali ambalo hatukuuliza. Mimi niliuliza umemeza nini. Daktari aliuliza umekunywa nini. Wewe ukauliza nani anampikia. Sote tulikuwa mdomoni." Alimgeukia muuguzi aliyekuwa akipanga mashuka. "Dada, tangu alazwe, ni kitu gani anafanyiwa hapa alichokuwa akifanyiwa nyumbani?"

Muuguzi alifikiri. "Hakuna. Labda mumewe tu. Huyo ni mume wa kuigwa, afande. Kila jioni saa ya kuona wagonjwa anakuja kumchua mgongo. Wodi nzima wanamwonea wivu."

Bi Tena alivuta kiti, akakiweka karibu na kitanda cha mwalimu upande wa pili wa pazia, akaketi.

Viganja alifika kengele ya wageni ilipolia, akiwa na begi lake la uwanjani. Aliwasalimu wagonjwa wote kitanda hadi kitanda, akavuta pazia. Ilisikika sauti ya kifuniko kikizungushwa. Halafu harufu kali ya mnanaa ikatambaa chini ya pazia, harufu ya chumba cha kubadilishia jezi.

"Chini kidogo," ilisema sauti ya mwalimu. "Hapo hapo. Ongeza."

"Nimeongeza. Tulia sasa nifunge nailoni, halafu taulo la moto, iingie vizuri."

Bi Tena alisimama na kufungua pazia.

"Umempaka nini?"

Viganja aligeuka, mikono yake inang'aa mpaka viwikoni. Pembeni palikuwa na kopo jeupe la plastiki lisilo na maandishi.

"Mafuta tu, afande."

"Tena."

"Mafuta ya wachezaji. Ya kuchulia."

"Tena, taratibu."

"Jeli. Ya kutuliza misuli. Haimezwi hii, afande! Ni ya juu juu tu. Mimi kidonge sijampa, nilikuapia."

"Najua hukumpa. Kopo hili umelijaza kutoka wapi?"

"Stoo ya timu. Huwa zinakuja ndoo kubwa, tunapunguza kwenye makopo."

"Mpigie mtu wa stoo. Weka sauti wazi tusikie sote."

Viganja alijifuta kidole kimoja na kubonyeza simu. Hata bibi wa kitanda cha kona aliyekuwa akikoroma aliinua kichwa asikie. Mtunza stoo aliitikia kwa uchangamfu, akidhani anaulizwa habari za mazoezi.

"Ile ndoo yetu ya jeli," alisema Viganja, "imeandikwa nini ubavuni?"

"Ngoja niigeuze… Imeandikwa jeli ya maumivu. Halafu… herufi ndogo hizi… dik… diklo… diklofenaki. Mbona? Imekwisha huko?"

Viganja alikata simu. Daktari alikuwa amekwishaingia. Alichukua kopo, akalinusa, akaliweka mbali na kitanda.

"Ngozi si bati," alisema kwa upole. "Inapitisha. Mchezaji akipakwa kidogo kwenye kifundo, kinachoingia ni kidogo. Lakini wewe unampaka mgongo mzima, kwa viganja hivyo, kila siku, kisha unafunika kwa nailoni na joto. Na katika miezi hii ya mwisho, hata ya kupaka tunawaambia kina mama waiache."

Jitu lile lilishuka taratibu mpaka likaketi sakafuni kati ya vitanda viwili. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nimemuumiza mwanangu," alisema. "Mimi mwenyewe."

Mwalimu aligeuka kwa shida, nailoni ikichakarika. "Inuka, baba. Nani alikuwa anasema ongeza? Siyo mimi? Siku zote naulizwa nimemeza nini na mimi najibu kwa kiburi, kumbe najibu swali la mtu mwingine." Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Niondoleeni hili linailoni kwanza, najiona kama mkate."

Muuguzi alileta beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni. Viganja aliomba amsafishe yeye mwenyewe, lakini daktari alimwelekeza bombani aanze na viwiko vyake.

Mama mkwe aliitwa. Kaka mtu alimsubiri getini, safari hii bila koti, na wauguzi walibanana dirishani kuona. Alikuwa ameandaa maneno marefu, lakini alipomwona yakapotea yote.

"Mama," alisema, "nilikukosea."

"Ulinikosea sana."

"Naomba radhi."

"Nitaifikiria. Ulipochuchumaa nyuma ya pipa langu ulikanyaga mche wa nyanya." Alimkabidhi kikapu. "Beba hiki. Na chupa ya chai. Uonje wewe kwanza kila kikombe, ili moyo wako utulie."

Alionja, na alionjeshwa mpaka tumbo likajaa.

Bi Tena naye alikuwa na lake. Alimtoa pembeni yule mama, akamrudishia vidonge vya goti vikiwa kwenye mfuko wao.

"Na mimi niwie radhi. Nilishika jina la dawa nikasahau kumsikiliza mtu."

"Wewe uliniita mama muda wote," alisema mama mkwe. "Nilisikia."

Bi Tena alirudi wodini akamkuta daktari ameketi kitandani kwa mwalimu, akiongea naye kama mtu na mdogo wake.

"Maumivu yakizidi, utameza parasetamoli kwa kiasi nilichokuandikia, siku chache tu. Yakiendelea unakuja kwangu, siyo kwenye simu. Dawa nyingine yoyote, ya kumeza, ya kupaka, ya kubandika, unaniuliza kwanza. Lala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Na mumeo aendelee kukuchua."

Viganja aliinua kichwa. "Niendelee?"

"Kwa mafuta ya kupikia. Na bila nailoni."

Kesho yake Bi Tena alikwenda stoo ya timu na kusimama pale mpaka kila kopo likaandikwa ubavuni kilichomo ndani. Mtunza stoo alilalamika kwamba yeye anavijua vyote kwa harufu. Aliambiwa aseme tena, na hakusema.

Juma lililofuata daktari alimpigia simu kituoni. Hakueleza kitu, alisema aje tu. Bi Tena alikuta chumba cha picha kimejaa. Mwalimu amelala tumbo likiwa wazi, Viganja amemshika mkono kwa vidole viwili kana kwamba ni yai, kaka mtu na mama mkwe wamebanana kwenye kiti kimoja. Daktari alitelezesha kifaa juu ya tumbo, na kwenye kioo kukatokea kivuli cha mtoto, na pembeni yake eneo jeusi, pana.

"Hayo meusi ndiyo maji," alisema. "Yamerudi. Hayajafika pale ninapotaka, lakini yamerudi vizuri. Moyo uko sawa, na mshipa wake uko wazi." Alisogeza kifaa. "Lakini sikuwaitia hayo tu. Angalieni hapa. Hiki kiduara ni kibofu chake. Kimejaa. Tulieni kidogo…"

Wote walikodoa macho. Kiduara kilikaa, kikakaa, kisha polepole kikaanza kunywea.

"Amekojoa," alisema daktari. "Hayo maji anayoogelea, sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Figo zimeamka."

Mama mkwe alipiga vigelegele vilivyowatoa watu kwenye foleni ya chanjo. Viganja alimkumbatia shemeji yake mpaka miguu ikaacha sakafu. Mwalimu alisema katika maisha yake ya kufundisha darasa la kwanza hajawahi kumpongeza mtoto kwa kujikojolea, na sasa hatajua awaambie nini wale wengine.

Bi Tena alirudi kituoni kwa miguu, mchana jua likiwaka, akicheka peke yake kila baada ya nyumba chache. Mkuu wa kituo alimsubiri kaunta na faili mkononi.

"Ile kesi ya sumu imeishaje? Nani yuko ndani?"

"Mtoto tu ndiye yuko ndani, mkuu," alisema Bi Tena, akivua kofia. "Na anaendelea vizuri."